Alama Chini ya Sinia

Bibi yangu alipofariki, baada ya arobaini wajomba walikaa ukumbini wakazungumza habari za nyumba kwa sauti za chini. Vyombo vya uani havikutajwa na mtu. Masinia sita ya alumini na mawili ya shaba, sufuria kubwa tatu za shughuli, kinu na michi yake, mbuzi ya kukunia nazi, mabirika, nyungo zilizotoboka, na boksi la koroboi ambazo hazikuwashwa tangu nyumba ile ya Ngamiani, Tanga, ivutiwe umeme. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshaegesha mkokoteni mlangoni, mizani ya kuning'iniza mkononi. Nikamsihi ageuze. Nikawalipa wajomba kwa kilo, bei ileile ambayo angewalipa yeye, nikapakia kila kitu. Nilikuwa na miaka 32 na sikuwa na sebule ya kuviweka.

Kosa langu la kwanza nililifanya kesho yake. Nilitafuta msasa, nikachanganya jivu na mchanga kama nilivyomwona bibi akifanya, nikasugua tangu asubuhi hadi adhuhuri ya pili. Masizi yalitoka. Mafuta ya pilau ya miaka mingi yalitoka. Yalitoka na madoadoa ya rangi yaliyokuwa yamegandia kwenye migongo ya masinia, nikayaona kuwa uchafu wa ukaidi kidogo, nikayaongezea nguvu. Jioni nikayapanga ukutani uani, yanang'aa, nikaona nimefanya jambo la maana kwa ajili ya marehemu.

Bibi wa nyumba ya nyuma alikuja kututazama, kama alivyokuwa akija kila Ijumaa. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama mbele ya ukuta. Mng'ao hakuushughulikia hata kidogo. Alilishusha sinia moja, akaligeuza, akapitisha kidole gumba pembezoni, taratibu, kama mtu anayesoma gizani.

“Mume wangu, nukta zangu ziko wapi?”

“Nukta gani, bibi?”

“Nukta tatu za kijani. Rangi ya mlango wetu. Hili sinia langu.”

Lilikuwa lake kweli. Kulikuwa na kibonyeo karibu na mdomo alichokijua, kilichotokana na mwanawe kuliangusha kisimani. Bibi yangu aliliazima kwenye hitima ya babu, mwaka 1994, na kabla halijarudi likahitajika kwenye harusi ya nyumba ya tatu, kisha kwenye maulidi, kisha likaonekana tena kwetu. Kila mara mwenyewe alijua lilipo. Hakulidai kwa sababu hakulikosa. Siku akilihitaji angetuma mtoto. Na mimi, kwa siku moja na nusu ya bidii, nilikuwa nimefuta kitu pekee kilichokuwa kikilirudisha kwake.

Hakunikaripia. Aliketi mkekani akasema, “Lete na mengine.” Tukayageuza yote manane. Matatu tu hayakuwa na rangi, yalikuwa na alama za kuchorwa kwa msumari, ambazo msasa wangu haukuzishinda. Kati ya hayo matatu, moja lilikuwa la bibi yangu. Nilikuwa nimenunua kutoka kwa wajomba zangu vyombo vya mtaa mzima.

Naandika haya kwa sababu watu huniuliza siku hizi, wakiona makabati yangu, kwamba vyombo vikuukuu vina nini. Jibu langu la kweli lilianza alasiri ile, na linaanzia upande wa chini. Sisi wanaume sinia hutufikia limejaa pilau. Tunanawa, tunakusanyika wanne au watano, tunakula, linaondolewa. Mgongo wake ni wa wanawake wanaoosha vyombo uani usiku wa manane shughuli ikiisha, na wanaoamka asubuhi kuvipanga mafungu mafungu: vya Bi fulani hivi, vya nyumba ya kona vile, hivi havina mwenyewe tusubiri atakayeulizia. Katika shughuli moja ya watu mia tatu zinaweza kuchangia nyumba thelathini. Bila alama, urafiki wa mtaa ungevunjika kwa sababu ya birika.

Nikanunua daftari. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiomba ruhusa ya kuingia uani kwa watu, kwanza barabara za Ngamiani (wenyeji wa Tanga wanajua mitaa yetu huitwa kwa namba), baadaye Pangani na Muheza kwa ndugu. Mwanzoni walinishangaa, mwanamume mzima anaomba kuona makalio ya masufuria. Baada ya kueleza mara ya kwanza, kazi ikawa kuondoka mapema, maana kila alama ilikuwa na mtu wake na kila mtu alikuwa na habari zake.

Alama nilizozikuta zilijipanga zenyewe kwa umri. Masinia ya shaba, yale mazito ya kina bibi wa bibi zetu, yalikuwa na herufi za Kiarabu: mim moja, au sin, au neno zima lililochongwa kwa ncha ya kisu. Wanawake wale hawakuingia shule ya serikali, ingawa serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake Tanga hapahapa katika miaka ya 1890. Walisoma chuoni kwa mwalimu, wakapata herufi za kutosha kuandika barua ya Kiswahili na kuweka jina kwenye chombo. Halafu vinakuja vyombo visivyo na herufi yoyote: nukta, msalaba wa kukata kwa patasi, mistari miwili, uzi mwekundu uliofungwa kwenye sikio la birika, mwiko uliochomwa kwa msumari wa moto. Halafu, kwenye sufuria za alumini za miaka ya sabini, ghafla zinatokea herufi za Kirumi, kubwa, zisizonyooka, nyingine zimegeuzwa kinyume.

Nilimuuliza mama mmoja wa Barabara ya Kumi kuhusu S iliyogeuka kwenye sufuria yake. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akaniambia ni mkono wake mwenyewe. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yaliyofuata yalimkuta yeye ana watoto wanne. Walikuwa wakikaa jioni, wanawake wa mtaa, na ubao mmoja. Wiki alipojua kuandika jina lake alirudi nyumbani, akachukua msumari, akaandika kwenye kitu cha kwanza kilichokuwa chake, na kilichokuwa chake ni sufuria. S ilikuwa imegeuka na hakujua. “Mwalimu akanisahihisha baadaye,” alisema, “lakini sufuria sikuisahihisha.” Niliishika ile sufuria mapajani muda mrefu. Vitabu vinaweza kunipa mipango na shabaha za kampeni ile. Furaha ya mtu siku ya kwanza kuandika jina lake sijui ningeikuta wapi kama isingekuwa chini ya sufuria, mahali ambapo moto wa kuni umeichoma mara elfu na bado haijafutika.

Kuanzia hapo nikajifunza kutafuta kwenye kila chombo mtu wa pili. Kinu cha bibi, kwa mfano, nilikiona kila siku ya utoto wangu bila kukitazama. Mdomo wake haukulika sawasawa. Kuna mabonde mawili, yanaelekeana, laini kama ndani ya kiganja. Mtu mmoja akitwanga peke yake mchi unagonga popote. Mabonde mawili ni ya watu wawili waliosimama kuelekeana miaka nenda rudi, mmoja akiinua mwingine akishusha, na michi ikisugua mdomo wa kinu kila mmoja upande wake. Upande mmoja alikuwa bibi. Upande wa pili, nilipouliza, alikuwa bibi wa nyumba ya nyuma, mwenye nukta za kijani.

Na kanga. Sandukuni mwa bibi kulikuwa na kanga kumi na moja zilizokunjwa na karafuu katikati, nikadhani nimekosea kuhesabu, kwa sababu kanga huuzwa doti, vipande viwili vimeungana, unakata na kupinda mwenyewe. Idadi witiri inamaanisha kuna kipande kimekwenda mahali. Kilichokosa mwenzake kilikuwa na jina “Wema hauozi”, na kwenye pindo herufi za K.H.E. na “Mali ya Abdulla”, yaani kilitoka Mombasa, kwenye lile duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Msomaji ameshajua kipande cha pili nilikikuta kwa nani. Walikata doti moja wakavaa wote wawili kwenye harusi ya mama yangu. Mwenzake alikuwa amekivaa mpaka kikawa mbeleko, kisha kikawa nepi, na alipokileta kunionyesha kilikuwa kimebaki pindo na nusu ya jina, kinafutia meza. Cha bibi kilikuwa kipya kabisa. Nilipokuwa mkusanyaji asiyejua, ningechukua kile kipya. Leo nakithamini zaidi kile kilichobaki “hauozi” peke yake.

Koroboi zilinipeleka kwa fundi bati. Kwa wasiozijua, koroboi ni taa ya mafuta ya taa isiyo na chemni: kopo, kifuniko kilichotobolewa katikati, mrija wa bati uliosokotwa, utambi wa tambara ndani yake, na sikio la kushikia lililolehemiwa ubavuni. Inatoa moshi mweusi, ukisoma nayo usiku asubuhi pua zako ni nyeusi. Za bibi zilikuwa tisa. Mbili zilikuwa na jambo geni: bati lake limegeuzwa, sura ya kopo imeingia ndani. Nikachungulia kwa tochi kupitia tundu la utambi, nikaona rangi, nikasoma herufi tatu za mwisho: m, b, o. Kimbo, mafuta ya kupikia ya Kenya.

Fundi aliyezitengeneza bado yuko hai, macho yamemwishia ila vidole havijamwisha. Nilimpa moja akaipapasa akatabasamu. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Kati ya miaka hiyo nchi ilipigana vita vya Kagera, maduka yakawa meupe, na sabuni, mafuta na kanga vikawa vinavuka usiku kwa njia za porini upande wa Horohoro au kwa mashua. Mwaka uleule wa 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanamwaga na kuzika bidhaa walizokuwa nazo. Kopo tupu la Kimbo halikuwa na thamani ya kufungwa mtu, lakini lilikuwa na maswali. Hivyo wateja walimwomba fundi ageuze. Alilikata kopo kwenye mshono, akalinyoosha juu ya reli, akalisokota upya jina likiwa ndani. “Bati ni bati,” aliniambia, “ila mtu anataka alale.” Watoto wa nyumba yetu walisoma kwa mwanga wa kopo lile, mama yangu akiwa mmoja wao, na jina la magendo lilikuwa limefichwa ndani ya mafuta sentimita chache kutoka kwenye daftari lake.

Kuna kitanda kimoja nitakitaja kwa haraka kwa sababu sikukileta nyumbani. Ni kitanda cha kamba, kile wazee wanachokiita teremka tukaze, kwa kuwa kamba zikilegea mnashuka, mmoja anavuta huku mwingine anakanyaga. Nilikikuta Muheza, na kamba zake ni za mkonge. Mahali pengine pwani ningetarajia kamba za makumbi ya nazi, lakini Tanga ni nchi ya mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf aagize miche kutoka Florida mwaka 1893 na miche 62 tu ifike hai. Familia ile babu yao alitoka kusini, Mmakonde, akaja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Wameihifadhi kipande yake, kadi yenye vyumba thelathini vya kuweka alama, siku moja chumba kimoja, na mshahara ulikuwa haujakamilika mpaka vyumba vijae. Wanayo pia kopo yake ndogo ya ugoro ya mpingo, kizibo chake kichwa cha mtu. Nilipoishika nilitamani kuinunua, nakiri, na nilikuwa na hela mfukoni. Mzee wa nyumba aliona. Akasema tu kwamba babu alitoka kwao na vitu viwili, na mwili wake uko hapa, na hiki kingine ndicho kinachojua njia ya kurudi. Nikairudisha mkononi mwake. Nikapiga picha, nikaandika, nikaenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria Wagiriama wa ng'ambo ya mpaka wetu, na vigango vyao. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na ikishasimikwa haiondolewi. Ukoo ukihama, kinabaki palepale kiliwe na mchwa na mvua, kwa kuwa kazi yake ni mahali. Kuanzia miaka ya sabini viling'olewa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia Marekani kwenye majumba ya watu na makumbusho. Vilipangwa vizuri, vikamulikwa taa, vikaandikwa “mbao, Kenya”. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ilitangaza kurudisha 30. Nilisoma habari ile nikiwa nimekaa chini ya ukuta wangu wa masinia yanayong'aa, na sikuweza kuendelea kuketi pale.

Sidai kwamba sinia na kigango ni kitu kimoja. Kigango ni mtu. Lakini kosa langu na la wale waliovisimamisha kwenye taa lilikuwa na mzizi mmoja: tulikitazama kitu kana kwamba kinaishia pale mkono unapoishia kukigusa. Tangu siku ile sinunui kitu ambacho mwenyewe bado anakitumia, hata kikiwa kizuri kiasi gani. Siondoi kiraka, risasi ya kulehemu, wala masizi. Na kabla ya kuuliza kitu kimetengenezwa na nani, nauliza mara ya mwisho kiliazimwa na nani. Swali hilo la pili hufungua midomo zaidi.

Linafungua na huzuni pia. Shughuli za mtaani kwetu siku hizi vyombo vinakodishwa. Linakuja gari na viti, turubai, masufuria, na sahani za plastiki mia tano zote za rangi moja, zinahesabiwa zikishuka na kuhesabiwa zikipanda, iliyopungua inalipwa. Ni nafuu na hakuna ugomvi. Nimewaona wanawake wa rika la mama yangu kwenye harusi kama hizo usiku ukishakuwa mkubwa, wamekaa uani, mikono mapajani, hawana cha kuosha. Wale wa nyumba ya nne na wa nyumba ya tisa, ambao zamani wangekutana kesho yake asubuhi mlangoni, huyu kaleta sinia, yule kapokea, salamu ya nusu saa, sasa wanaagana palepale na gari linaondoka. Katika sahani nilizozigeuza za kukodisha kuna namba ya simu ya mwenye mali. Nimeiandika kwenye daftari langu, katika mstari wake, chini ya ile S iliyogeuka.

Masinia nimeyarudisha. Ilinichukua karibu mwaka, maana wenye matatu kati yake walikuwa wamehama au wamekufa, ikabidi niwatafute watoto wao Dar es Salaam na Korogwe. Mtoto mmoja alilia mlangoni. Mwingine alilipokea, akalitia chini ya kitanda, akanishukuru kwa haraka, na hiyo nayo ni haki yake. Nimebaki na la bibi, lenye mistari miwili ya msumari, na mengine niliyoyapata kwa idhini katika nyumba zilizovunjwa.

La bibi wa nyuma nililipeleka Ijumaa, baada ya swala. Alikuwa kalala kibarazani, siku hizi hatembei sana, na mjukuu wake wa kike, wa darasa la sita, alikuwa anapaka kucha rangi. Nikasema nimeleta sinia ila alama nimeifuta, naomba radhi kwa mara nyingine. Bibi akamwambia mtoto aache kucha, alete hicho kichupa. Rangi ilikuwa ya zambarau. Mtoto akaligeuza sinia magotini, brashi mkononi, akauliza aandike jina la bibi kamili au herufi mbili za mwanzo, kwa sababu yeye anaandika vizuri.

“Nukta tatu,” bibi akasema, macho amefumba. “Pale karibu na kibonyeo. Watanitafutaje?”